"Biblia pekee inatosha." Sawa, lakini ni nani anakusomea?

Ukitaka kuharibu Jumapili ya mlokole yeyote hapa Umoja, muulize swali moja tu: ni wapi kwenye Biblia Mungu alihamisha Sabato kutoka Jumamosi hadi Jumapili? Usiulize kwa ukali. Uliza kama mtu anayetaka kujua, halafu nyamaza.

Kama umekulia Eastlands unajua swali hili linatoka wapi. Karibu kila ploti ina Msabato wake. Jumamosi asubuhi, wakati wewe umeloweka nguo na spika ya jirani imeshaanza kutetemesha madirisha, yeye anashuka ngazi na suti imepigwa pasi, watoto wamebeba Biblia, anakusalimia kwa upole ambao unakufanya ujihisi mwenye dhambi. Kanisa lake liko Kenya tangu 1906, lilipoanzia Gendia kule Nyanza, na kwa miaka yote hiyo hilo swali halijachoka.

Jaribu kumjibu uone. Kutoka 20 inasema siku ya saba, haina utata. Wewe utakimbilia Matendo 20, pale wanafunzi wanakusanyika siku ya kwanza ya juma kumega mkate. Utaongeza 1 Wakorintho 16, Paulo akipanga mambo ya mchango siku hiyo hiyo. Ukibanwa sana utataja Ufunuo 1, Yohana na siku ya Bwana. Hizo ni dalili nzuri, lakini Msabato hakuuliza dalili. Ameuliza amri, na amri ya kuhama haipo.

Halafu kuna yule mama Mkatoliki wa ghorofa ya pili, anayeanika blanketi huku akiwasikiliza. Yeye anacheka tu. Kwake hakuna shida. Kanisa lilianza kukusanyika Jumapili kwa sababu ya ufufuo, likapokezana desturi hiyo kizazi hadi kizazi, na hiyo inamtosha. Anayepata taabu hapa ni wewe mlokole, kwa sababu wewe ndiye uliyesema unafuata Biblia pekee.

Na hapo sasa ndipo nataka tukae kidogo. Hii si hadithi ya siku ya kuoga na kuvaa suti. Ni swali linaloamua nani ana haki ya kukuambia Mungu anataka nini na maisha yako: upeleke mtoto hospitali au usipeleke, utoe mshahara wote au usitoe, uolewe na nani. Kila mtu mtaani anasema jibu liko kwenye Biblia. Swali ni Biblia iliyosomwa na nani.

Tuanze na haki kwa waliobuni msemo wenyewe. Martin Luther alipozua zogo Ujerumani mwaka wa 1517, na alipofikishwa mbele ya mfalme kule Worms mwaka wa 1521, hoja yake ilikuwa kwamba mapapa na mitaguso wanaweza kukosea, na hata wamewahi kupingana, kwa hivyo mwamuzi wa mwisho lazima awe Maandiko. Sikia neno hilo, mwamuzi wa mwisho. Hakusema choma vitabu vingine vyote. Luther aliendelea kubatiza watoto wachanga. Aliendelea kukiri imani kwa maneno ya mababa wa kanisa la kale. Ukienda ACK au PCEA yoyote Jogoo Road leo utawasikia wakisimama na kukariri Kanuni ya Imani, na hiyo kanuni huwezi kuipata kama sura kwenye Biblia. Hata Waanglikana kwenye Makala yao 39 ya mwaka wa 1571 walisema kwa tahadhari: Maandiko yana yote yanayohitajika kwa wokovu. Kwa wokovu. Hawakusema yana majibu ya kila swali utakaloamka nalo.

Wakatoliki walijibu mwaka wa 1546 kwenye Mtaguso wa Trento: Maandiko na mapokeo ya mitume vyote viheshimiwe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukalainisha lugha mwaka wa 1965, ukasema vyote viwili vinabubujika kutoka chemchemi moja. Kila upande una mistari yake. Mlokole ana 2 Timotheo 3, kwamba Maandiko yanamkamilisha mtu wa Mungu. Mkatoliki ana 2 Wathesalonike 2, Paulo akiwaambia washike walichofundishwa, kiwe cha mdomo au cha barua. Mnaweza kurushiana hiyo mistari hadi stima zipotee.

Lakini kuna hoja moja ya Mkatoliki ambayo sijawahi kusikia ikijibiwa vizuri kwenye kesha lolote la mtaa. Chukua ile Biblia nyeusi ya Union Version, ya 1952, ambayo nyanya yako aliiweka chini ya mto. Ina vitabu 66. Sasa chukua ya mama wa ghorofa ya pili: 73. Kwake kuna Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo wawili. Muethiopia wa kanisa la Tewahedo, na Eastleigh hutawakosa, anahesabu 81. Nani ana hesabu sahihi? Ukitafuta ndani ya Biblia hakuna ukurasa unaosema vitabu ni hivi na hivi. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyonavyo ni ya askofu wa Kiafrika, Athanasio wa Aleksandria, kwenye barua yake ya Pasaka ya mwaka wa 367. Zaidi ya miaka 300 baada ya Yesu. Kwa hivyo hata yule anayesema Biblia pekee ameshika kitabu ambacho kuna watu walikaa, wakasali, wakabishana, wakakifunga.

Mprotestanti aliyesoma atakwambia kanisa halikuvipa vile vitabu mamlaka, liliyatambua tu, kama vile mtoto anavyotambua sauti ya mamake bila kuwa yeye ndiye aliyempa mama sauti. Ni jibu la maana. Lakini bado mtoto ndiye aliyetambua, na mtoto huyo ni kanisa.

Hayo yote ni ya mbali, najua. Ulaya, Misri, maaskofu na ndevu zao. Ngoja nikurudishe nyumbani, maana sisi Wakenya tulifanya jaribio la Biblia pekee kwa damu yetu, na matokeo yake unayaona yakipita kila wikendi yakiwa yamevaa kilemba cheupe.

Mwaka wa 1926 Agano Jipya lilitoka kwa Kikuyu. Kabla ya hapo, kama wewe ni kijana wa Kiambu au Murang'a, ulijua Biblia kupitia mdomo wa mmishonari. Yeye ndiye alikuambia Mungu anapenda nini, na kwa bahati nzuri Mungu alipenda kila kitu mzungu alipenda: suruali yake, ndoa yake, daktari wake, serikali yake. Sasa kitabu kikaja kwa lugha ya mama. Watu wakasoma wenyewe. Na wakaanza kuona vitu ambavyo hawakuwa wameambiwa. Kumbe Ibrahimu alikuwa na zaidi ya mke mmoja. Kumbe Yakobo pia, na Daudi, na Suleimani ndio usiseme. Kumbe manabii waliota ndoto na Mungu akasema nao huko huko ndotoni, bila kamati.

Kikundi kimoja kikachukua hiyo njia hadi mwisho. Waliitwa Arathi, yaani manabii, au Watu wa Mungu. Leo tunawaita Akorino. Waliomba wakitetemeka, walivua viatu kwenye ibada, walifunga vilemba, walikataa dawa za mzungu na vitu vyake vingi. Kenyatta aliwaandika kwenye kitabu chake cha 1938. Serikali ya ukoloni iliwaona kama wachochezi. Februari 1934, kwenye msitu wa Ndarugu, polisi waliwaua watatu kati yao, akiwemo kiongozi wao Joseph Ng'ang'a. Fikiria hilo vizuri. Watu walipigwa risasi kwa sababu walisoma kitabu kile kile kilicholetwa na wazungu, wakakisoma bila ruhusa.

Kwa hivyo mtu akikwambia Biblia pekee ni upuuzi wa watu wasiosoma, mwambie akae chini. Kwa maskini, kwa mtawaliwa, kwa mtu asiye na askofu wala cheti, kitabu kilichofunguliwa kilikuwa njia ya kumwambia bosi: hapa umesema uongo, hili halijaandikwa. Huo ni utajiri ambao mimi siwezi kuutupa.

Ila kuna upande wa pili, na wenyewe pia ni wa Kikuyu wa miaka hiyo hiyo. Mwaka wa 1929 wamishonari walitaka waumini waape kuachana na ukeketaji wa wasichana. Wengi wakakataa na kutoka makanisani. Mojawapo ya hoja zilizotumika kuwapinga wamishonari ilikuwa ya tafsiri: Agano Jipya lenyewe lilimwita Mariamu *muiritu*, na kwa Mkikuyu wa wakati ule muiritu alikuwa msichana aliyekwisha kupita jandoni. Basi kama Mama wa Yesu alikuwa muiritu, mmishonari anakataza nini? Unaona balaa? Mtafsiri alitafuta neno la "bikira", lugha ikampa neno lenye mzigo wake, na msomaji akasoma mzigo. Hakuna aliyedanganya. Walisoma kilichoandikwa. Leo ukeketaji ni kosa kisheria Kenya, sheria ya 2011, na hakuna mtu wa maana anayeutetea kwa Mariamu. Lakini neno moja lilitosha kuonyesha kwamba hata ukibaki na kitabu peke yako chumbani, mtafsiri yuko hapo ndani na wewe, amekaa kitandani.

Na hiki ndicho kipande ninachokipenda zaidi. Wale waliotoka misheni walianzisha shule zao na ibada zao. Biblia walikuwa nayo. Imani walikuwa nayo. Lakini nani atabatiza? Nani ataweka mikono juu ya wachungaji wapya? Wangeweza kusema Roho ametosha, kama Akorino. Hawakusema hivyo. Walimwita askofu wa kanisa la African Orthodox kutoka Afrika Kusini, Daniel William Alexander. Alifika mwaka wa 1935, akafundisha vijana, na mwaka wa 1937 akawapa daraja akina Arthur Gathuna. Baadaye upande mmoja ukaungana na Patriaki wa Aleksandria, na ndiyo sababu leo una Wakikuyu wa kanisa la Orthodox wanaofuata kiti kile kile cha Athanasio wa barua ya 367. Upande mwingine ukawa AIPCA. Watu walewale waliomkataa mmishonari kwa kutumia Biblia waligundua wanataka mnyororo, mkono uliowekwa na mkono uliowekwa na mkono, mpaka kwa mitume. Kitabu kiliwatoa nyumba ya mzungu, lakini hawakutaka kulala nje.

Sasa turudi 2023. Huhitaji mimi nikuelezee Shakahola. Zaidi ya maiti 400 zilifukuliwa kwenye ule msitu wa Kilifi, wengi watoto. Paul Mackenzie wa kanisa la Good News International anakana mashtaka, na hiyo ni kazi ya korti. Lakini baada ya hapo uliwasikia watu kwenye matatu wakisema: ona sasa, hii ndiyo shida ya kila mtu kujisomea Biblia.

Mimi naona kinyume. Mtu anayejisomea Mathayo atakuta Yesu amefunga siku 40, na pia atakuta kwamba baadaye aliona njaa. Atakuta Yesu analisha watu 5,000 kwa sababu wana njaa. Atakuta Paulo kwenye 1 Timotheo akimshauri kijana wake anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Ukisoma kitabu chote, hakikupeleki msituni ukafe. Kinachoweza kukupeleka ni sauti moja iliyokwambia vitabu vingine ni vya shetani, shule ni ya shetani, daktari ni wa shetani, shangazi yako anayekupigia simu kila jioni ni wa shetani, mpaka ukabaki na mtu mmoja. Jina la jambo hilo si Biblia pekee. Ni pasta pekee.

Serikali iliunda jopokazi Mei mwaka huo huo, likiongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, na ripoti ikakabidhiwa Julai 2024. Tangu hapo mjadala mkubwa umekuwa je, wahubiri walazimishwe kusomea theolojia? Nenda Kayole au Dandora Phase Four uwaulize wachungaji wa makanisa ya mabati. Watakujibu kwamba Petro alikuwa mvuvi. Ni kweli, alikuwa mvuvi. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo usinitarajie nipige magoti mbele ya cheti. Nimeona wenye digrii wakiuza mafuta ya upako bei ya kodi ya nyumba. Lakini Petro alikaa miaka kama mitatu akitembea na mwalimu, akikosolewa mbele ya wenzake, na hata baada ya hapo Paulo alimkosoa hadharani kule Antiokia na ikaandikwa. Pasta wako anakosolewa na nani? Taja jina.

Sisi vijana tuna shida nyingine, na ni mpya kidogo. Hatusomi na pasta wala hatusomi na nyanya. Tunasoma na simu. Uko kwa keja yako saa sita usiku, bando la usiku, unapitisha kidole, mstari mmoja umewekwa juu ya picha ya machweo, halafu jamaa wa Texas anakueleza maana yake kwa sekunde 40, halafu mwingine anamkosoa, halafu mcheshi, halafu tangazo la kubeti. Ukiulizwa utasema unamfuata Yesu tu, hutaki dini, hutaki kanisa, una Biblia yako kwenye programu. Buda, wewe huna Biblia pekee. Una Biblia na mashine inayokuchagulia mwalimu kwa kuangalia ni kipi kilikufanya usilale.

Kuna kisa kwenye Matendo 8 ambacho kila upande unakidai. Mwafrika, afisa mkubwa wa malkia wa Kushi, anarudi nyumbani kutoka Yerusalemu, amekaa kwenye gari lake akisoma Isaya. Filipo anakimbia kando ya gari na kumuuliza kama anaelewa anachokisoma. Yule bwana, na kumbuka ni mtu wa hazina, si mjinga, anajibu kwamba ataelewaje asipopata wa kumwongoza, na anamkaribisha apande. Mkatoliki anasema: umeona, unahitaji kanisa. Kweli. Lakini soma hadi mwisho. Filipo anaeleza, anabatiza, halafu anatoweka. Hakumwambia Mkushi ahamie kwake. Hakuchukua gari. Mkushi anaendelea na safari yake akifurahi, na kitabu bado kiko mkononi mwake.

Sura chache mbele kuna watu wa Beroya, ambao walimsikiliza Paulo, Paulo mwenyewe, halafu wakaenda kuchunguza Maandiko kila siku waone kama anachosema ni kweli. Na Luka anayeandika anawasifu. Jaribu hiyo kwa kanisa lako wiki ijayo. Simama baada ya ibada na Biblia imefunguliwa, uulize kwa heshima ule mstari wa mbegu ya elfu kumi umetoka wapi na sura nzima inasema nini. Angalia uso wa mtu unayemuuliza. Usisikilize jibu kwanza, angalia uso.

Kwa hivyo ukinibana mimi niko wapi, niko hapa: Maandiko yawe mwamuzi, ndiyo, na hapo nasimama na Luther na Arathi wa Ndarugu. Asiwepo mtu ambaye Biblia haiwezi kumwambia "umekosea", awe na kofia ya askofu au kanzu ya nabii. Lakini mwamuzi hachezi mechi peke yake. Imani inaishi kwa watu: waliokufungia orodha ya vitabu, waliokutafsiria, waliokufundisha wimbo kabla hujajua kusoma, na jirani anayekuuliza swali la Sabato ukashindwa kulala. Mlokole akikana kwamba ana mapokeo, namwambia ayatazame tu kwenye mpangilio wa ibada yake: sifa dakika 40, ushuhuda, sadaka, neno, sadaka tena. Hiyo haijaandikwa popote na hakuna anayethubutu kuibadilisha.

Mama wa ghorofa ya pili naye si mtakatifu kwenye hili. Nilimuuliza Yoshua bin Sira anasema nini, akaniambia nimuulize padri.

Lakini kuna jambo moja analofanya. Siku moja katikati ya juma, jioni, jumuiya yao ndogo ndogo inakutana kwake, utaratibu ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliusukuma tangu miaka ya 1970. Viti vya plastiki vinakopwa mlango kwa mlango. Ninajua kwa sababu viwili ni vyangu. Wanasoma injili ya Jumapili inayokuja, mara mbili, polepole, mtu tofauti kila mara. Kisha kimya. Kisha fundi wa viatu anasema alichosikia, kisha msichana wa saluni anasema hakubaliani, kisha mzee aliyewahi kuwa katekista anaeleza kanisa limekuwa likifundisha nini, na msichana wa saluni anasema sawa lakini bado. Ghorofa ya chini, usiku huo huo, fellowship ya walokole inafanya karibu kitu kile kile, tofauti ni sauti tu. Juzi walikosa viti, wakatuma mtoto juu kuomba vya Wakatoliki. Wakapewa sita, na mtoto akaambiwa awaulize huko chini wamefika sura gani.